Tarumbeta na Upanga: Miziki Isiyosahaulika ya Tamthilia za Kale za Japani

(Hotuba hii inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Vipande vya muziki vilivyopigwa ukumbini havimo, lakini kila kimoja kimetajwa jina ili msomaji akitafute na kukisikiliza mwenyewe.)

Mabibi na mabwana, wakubwa zangu shikamooni, na ninyi vijana wa vyombo vya muziki, hamjambo.

Nianze na swali. Samurai anatembea peke yake usiku. Mkono uko juu ya mpini wa upanga. Upepo unapeperusha majani makavu. Je, mnasikia ala gani?

Najua wengi mmesikia filimbi ya mwanzi. Ni jibu la haki. Lakini waulizeni Wajapani waliokaa mbele ya televisheni miaka ya 1970, nao watawajibu: tarumbeta. Naam, tarumbeta! Ala ambayo shujaa wa zama za Edo, kuanzia 1603 Tokugawa Ieyasu alipotawazwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, hakuwa nayo hata kidogo. Vitani walipuliza horagai, gamba kubwa la konokono wa baharini lenye mdomo wa kupulizia. Kwa kazi yake ni ndugu wa baragumu na siwa zetu: ni sauti ya kuita watu. Tarumbeta la shaba lilikuja baadaye sana, pamoja na bunduki na gwaride za Kizungu.

Basi lilifikaje kwenye tamthilia za watu wenye panga? Hilo ndilo nililokuja kulizungumza, na neno langu ni moja: muziki wa tamthilia ya kale si muziki wa kale. Wajapani huziita tamthilia hizi jidaigeki, yaani michezo ya zama zilizopita. Nguo ni za kale, nyumba ni za kale, hata namna ya kuketi ni ya kale. Muziki ni wa siku ile ile uliporushwa hewani. Waliotunga nyimbo zinazokumbukwa mpaka leo hawakujiuliza watu wa kale walipiga nini. Walijiuliza mtu aliye sebuleni jioni ya leo anahitaji kusikia nini.

Na anahitaji kusikia nini? Kwanza kabisa, anahitaji kuitwa.

Fikirini nyumba ya miaka ile. Televisheni moja, sebule moja, saa moja ya kipindi. Ukichelewa umekosa, hakuna kurudisha nyuma. Mama yuko jikoni, mtoto yuko bafuni, babu anasinzia. Muziki wa mwanzo lazima uwafikie wote watatu, na uwafikie ndani ya sekunde tano za kwanza. Wimbo unaoanza kwa mnong'ono mzuri wa fidla utawapendeza waliokwisha kuketi, lakini aliye jikoni hatausikia.

Sasa chukueni Mito Komon. Ilianza katika kituo cha TBS mwezi Agosti 1969, ikaenda mpaka Desemba 2011: misimu 43, vipindi 1,227. Hadithi yake mtu yeyote anaweza kuieleza kwa pumzi moja. Mzee mmoja anasafiri nchini akijifanya mfanyabiashara aliyestaafu, pamoja na vijana wake wawili, Suke na Kaku. Wanakuta wakubwa wa mahali wanadhulumu wanyonge. Wanapigana. Kisha, kipindi kikielekea mwisho, kinatolewa kikasha kidogo cha dawa kiitwacho inro, chenye nembo ya majani matatu ya ukoo wa Tokugawa, na wote wanaanguka kifudifudi, maana mzee yule ni Tokugawa Mitsukuni, bwana mstaafu wa Mito. Kila wiki hivyo hivyo. Na mwezi Februari 1979 kipindi kimoja kilifikia asilimia 43.7 ya watazamaji.

Wimbo wake unaitwa Aa Jinsei ni Namida Ari. Muziki ni wa Kinoshita Chuji, ndugu yake mwongozaji wa filamu Kinoshita Keisuke, mtu aliyezaliwa 1916 na kuishi miaka 102. Maneno ni ya Yamagami Michio. Sikilizeni unavyoanza. Ni ngoma. Ta, tatata, ta, tatata: pigo moja zito, matatu ya haraka, tena na tena, kwa namna ya bolero ya Kihispania. Je, bolero ni ya zama za Edo? Hapana. Lakini ni mwendo wa nini? Ni mwendo wa miguu ya wasafiri. Kabla hujaona picha, mwili wako umeshaanza safari. Na waliopo jikoni wamesikia, kwa sababu ngoma kavu yenye mapigo mafupi hupita ukuta na sauti ya mafuta yanayochemka kwenye kikaango.

Jambo la pili: nani anauimba? Waimbaji ni waigizaji wenyewe wa Suke na Kaku, kwanza Sugi Ryotaro na Yokouchi Tadashi. Waigizaji walipobadilika, na sauti za wimbo zikabadilika. Sauti inayokuita ndiyo utakayoisikia dakika chache baadaye ikimkemea dhalimu. Wimbo na hadithi vinashonwa kwa uzi mmoja.

Na jambo la tatu, ndugu zangu, hili ni letu kabisa. Ni mizani.

Wajapani huhesabu mizani kama sisi. Hawahesabu mkazo kama Waingereza, wanahesabu vipande vya sauti. Hata ile n inayosimama peke yake ndani ya neno huhesabiwa mizani moja kamili, kama vile sisi tunavyoihesabu m ya neno mtu: m, tu, mizani mbili. Mshororo wa kwanza wa wimbo wa Mito Komon una mizani 8, kisha 5. Nane na tano. Upo wimbo wa watoto wa Kijapani uitwao Donguri Korokoro, wa tunda la mti linalobiringika na kuanguka bwawani, nao mshororo wake wa kwanza una 8 na 5. Matokeo yake yanajulikana na kila mtoto wa shule Japani: maneno ya huu yanaimbika kwa sauti ya ule. Wanafanya hivyo kwenye safari za basi na kucheka sana, wanapomsikia mzee mwenye heshima akibiringika kama tunda.

Si ndivyo tunavyofanya sisi na tenzi? Kipande cha utenzi ni mizani 8. Ukijua sauti moja ya kuimbia, umeshika tenzi mia. Hiyo ndiyo siri ya wimbo unaokaa kichwani: unamwachia msikilizaji nafasi ya kuingiza maneno yake.

Hebu tujaribu. Safari ni ya hatua, tusikimbie. Hesabuni vidoleni: sa, fa, ri, ni, ya, ha, tu, a, nane. Tu, si, ki, mbi, e, tano. Imetimia. Lakini mkiimba kwa sauti ya Mito Komon mtakwama mahali pamoja, na nataka mjue ni wapi na kwa nini. Mwisho wa mshororo, sauti ndefu inaangukia silabi ya mwisho, kwenye pigo zito. Mjapani haoni shida, maana lugha yake haina mkazo wa nguvu kama wetu. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tusikimBIe. Mkilazimisha, mtasikia tusikimbiEEE, na sikio la Mswahili litakataa. Dawa yake ni kuchelewa kidogo kuingia, ili mbi ndiyo iangukie pigo zito na kuvutwa, halafu e ifuate nyepesi. Kila anayetia maneno ya Kiswahili kwenye muziki wa watu wengine atakutana na kikwazo hiki.

Nitaje kwa kupita Zenigata Heiji ya Fuji TV, iliyoanza 1966 na kumalizika 1984 baada ya vipindi 888. Mpelelezi anayewaangusha wahalifu kwa kuwarushia sarafu. Wimbo wake uliimbwa na Funaki Kazuo, kijana aliyepata jina 1963 kwa wimbo wa wanafunzi wa shule ya sekondari. Mnaona? Sauti ya vijana wa wakati ule, mdomoni mwa hadithi ya kale.

Sasa tufike kwenye tarumbeta, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pana utajiri.

Mwaka ni 1972. Tarehe 1 Januari, Fuji TV inaanzisha Kogarashi Monjiro. Monjiro ni mcheza kamari asiye na kwao, anayetembea barabarani na kijiti kirefu mdomoni, akisema mambo ya watu hayamhusu. Mwongozaji mkubwa wa filamu Ichikawa Kon ndiye aliyesimamia. Maneno ya wimbo, Dareka ga Kaze no Naka de, aliandika mkewe, Wada Natto, mwandishi wa filamu. Muziki alitunga Komuro Hitoshi, mwimbaji wa gita wa kizazi cha vijana wa wakati ule. Akaimba Kamijo Tsunehiko, mwenye kifua kipana na sauti nene. Shamisen, ile ala ya nyuzi ya Kijapani, hakuna. Filimbi ya hekaluni hakuna. Ni wimbo wa mtu anayevuka uwanda mpana akitazama mbele, na ungeweza kumweka juu ya farasi wa Mexico usibadilishe noti hata moja.

Kipindi kikashika. Usiku wa Jumamosi ukawa wa Monjiro.

Washindani wakafanya nini? Asahi Broadcasting ya Osaka, pamoja na kampuni ya filamu ya Shochiku, wakatoa Hissatsu Shikakenin tarehe 2 Septemba mwaka ule ule, usiku huo huo wa Jumamosi, saa nne kamili, nusu saa kabla Monjiro hajaanza. Hadithi ya wauaji wa kukodiwa wanaolipwa kwa niaba ya waliodhulumiwa. Na muziki wakampa nani? Wakampa Hirao Masaaki. Huyu mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa nyota wa rokabili, ile roki ya mwanzo ya Kimarekani, anatikisa kiuno jukwaani, wasichana wanapiga mayowe. Mtu wa gita la umeme ndiye aliyeombwa kuandika muziki wa watu wanaoua kwa sindano.

Naye akaleta tarumbeta. Tarumbeta la peke yake, la huzuni, lenye kuvuta noti ndefu, kama katika filamu za kauboi walizotengeneza Waitaliano miaka michache tu kabla. Chini yake gita na ngoma zinakwenda mbio.

Nimesikia watu wakilalamika kwamba huo ni wizi wa ladha ya kigeni. Mimi sikubali, na watu wa pwani ndio wa mwisho wanaopaswa kukubali. Taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo inayosikika katika taarabu ya Mombasa, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Nani leo atamwambia mpenzi wa taarabu kwamba si yake? Ala ni ya anayeipa kazi.

Sasa kazi yenyewe. Sikilizeni jinsi Hissatsu ilivyopangwa, kwa maana ninyi mnaotunga mtapata faida.

Wimbo wa mwisho wa kipindi, Koya no Hate ni, unaimbwa na Yamashita Yuzo. Sauti ile ile ya wimbo huo inarudi ndani ya kipindi bila maneno. Polepole, kwa huzuni, mtu anapokufa bila kosa. Haraka, kwa shaba na ngoma, wauaji wanapotoka kazini. Sauti moja, sura tatu. Kwa nini hii ni busara? Kwa sababu mtazamaji akiusikia mwendo wa haraka, sikio lake bado linakumbuka ule wa huzuni. Kisasi kinabeba machozi yake ndani. Ungetunga sauti tatu tofauti, ungepata matukio matatu yasiyojuana.

Halafu kuna kimya. Kabla tarumbeta halijalia, sarafu zinawekwa mezani. Zinagawanywa. Taa inazimwa. Mpiga picha Ishihara Shigeru na mtu wa taa Nakajima Toshio walifanya nusu ya uso iwake na nusu izame gizani. Na hapo hakuna muziki hata kidogo. Mtunzi mchanga huogopa kimya, anajaza kila sekunde, halafu anashangaa kwa nini tarumbeta lake halishtui mtu. Haliwezi kushtua, kwa kuwa halikutoka kwenye kimya.

Kuna na sababu ya ufundi, ambayo husahaulika. Televisheni za wakati ule zilikuwa na spika moja ndogo. Spika ya namna hiyo haiwezi kutoa sauti nzito za chini. Noti za chini za besi na uvumi wa ngoma kubwa ya taiko hupotea, kinachobaki ni mlio wa kugonga tu. Tarumbeta la kawaida huanzia mitetemo kama 165 kwa sekunde na kupanda kupita 1,000, na nguvu yake iko juu, pale pale ambapo spika ndogo inafanya kazi vizuri na sikio letu ni kali zaidi. Ndiyo maana linapenya. Matangazo ya televisheni ya sauti mbili, kushoto na kulia, yalianza Japani 1978 tu. Kabla ya hapo kila kitu kilibanwa katika tundu moja. Ukitunga kwa spika kubwa za studio bila kujaribu kwenye spika mbovu, umetunga kwa ajili yako peke yako. Chukua simu yako, weka muziki wako ndani yake, iweke chumba cha pili, funga mlango. Ukiweza kuufuata, umefaulu.

Lakini penye nguvu pana hatari. Mahali tarumbeta linapong'ara ndipo konsonanti za maneno yetu zinapokaa. Mtu akizungumza na tarumbeta likilia, utasikia sauti yake lakini hutaelewa neno. Tazameni wauaji wa Hissatsu wakienda kazini: hawasemi, au wanasema neno moja kabla shaba haijaingia. Wengine hutatua kwa kupunguza sauti ya muziki chini ya msimulizi, lakini tarumbeta lililopunguzwa linakuwa kama mtu aliyezibwa mdomo. Bora lisubiri zamu yake.

Na kabla sijaiacha 1972: mwaka huo huo Hirao alitunga Seto no Hanayome, wimbo wa bi harusi anayevuka kwenda kisiwa kidogo cha bahari ya Seto, kwa maneno ya Yamagami Michio. Yamagami yupi? Yule yule wa Mito Komon. Mtunzi wa wauaji na mwandishi wa mzee msafiri waliketi pamoja wakatoa wimbo wa harusi, na Wajapani wanauimba mpaka leo. Hao walikuwa mafundi wa nyimbo za watu, na tamthilia za kale zilipata bahati ya kuwapata.

Fundi mwingine ni Kikuchi Shunsuke, mzaliwa wa Hirosaki kaskazini, aliyefariki 2021. Ndiye aliyetunga muziki wa katuni ya Doraemon na wimbo wa Kamen Rider. Tangu 1978 ndiye mwenye muziki wa Abarenbo Shogun, ambamo shogun Yoshimune, aliyeigizwa na Matsudaira Ken, anapanda farasi mweupe ufukoni. Mwishoni shogun anawauliza waovu kama wameusahau uso wake, nao wanamkana na kumvamia. Anageuza upanga, upande usio na makali uelekee mbele, unasikia chuma kikilia, na hapo hapo muziki wa pambano unaingia. Muziki unafuata chuma. Muziki ungetangulia, ungemwondolea shogun heshima ya kuanza mwenyewe.

Muziki huo sasa husikika Koshien, uwanja wa besiboli ya shule za sekondari, vijana wakiupuliza jua la Agosti kuwashangilia wenzao. Kwa nini huo na si mwingine? Kwa sababu sauti yake inasimama yenyewe. Wapulizaji hamsini wanaweza kuipiga wote pamoja, noti moja, bila mpangilio wa sauti nyingi, wakiwa wamechoka, nusu yao wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na bado inatambulika. Hicho ni kipimo kikali kuliko mashindano yoyote.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimezungumzia nyimbo za dakika moja na nusu. Upo ulimwengu mwingine: tamthilia za taiga za NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, Jumapili saa mbili usiku, hadithi moja kwa mwaka mzima, tangu 1963. Taiga maana yake mto mkubwa. Hapa muziki wa mwanzo hupigwa na NHK Symphony Orchestra, na mara nyingi huzidi dakika mbili na nusu.

Fanyeni hesabu. Dakika 2 na sekunde 40, mara vipindi 50, ni zaidi ya saa mbili za kusikiliza kitu kile kile. Utatunga nini ambacho mtu atakisikiliza saa mbili asichoke? Ukiweka sauti moja tamu na kuirudia, mwezi wa tatu watu wataondoa sauti. Ukiweka mambo mengi mno, hakuna atakayekumbuka lolote. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, sekunde 160 ni mapigo 192, yaani baa 48 za mapigo manne. Ndani ya baa 48 unahitaji mwito, sauti kuu, sehemu ya katikati inayotembea mahali pengine, na kurudi. Na mahali pamoja pa ajabu, panapomfanya msikilizaji asubiri.

Sikilizeni mifano ya mahali pa ajabu. Ako Roshi ya 1964, hadithi ya wale wapiganaji arobaini na saba waliokosa bwana. Akutagawa Yasushi, mtoto wa mwandishi Akutagawa Ryunosuke, aliweka mlio wa mjeledi juu ya mwendo wa huzuni usiobadilika. Pa! Kila unapolia unakumbuka kwamba watu hawa wanasukumwa na wajibu, hawaendi kwa hiari.

Dokuganryu Masamune ya 1987, iliyopata wastani wa asilimia 39.7 ya watazamaji kwa mwaka mzima. Ikebe Shin'ichiro alichukua ondes Martenot, ala ya umeme iliyobuniwa na Mfaransa Maurice Martenot na kuonyeshwa 1928. Mpigaji anavaa pete kidoleni na kuiteleza kwenye waya mbele ya vibonyezo, sauti inapanda na kushuka bila ngazi, kama mtu anayeimba akiwa ng'ambo ya bonde. Masamune alikuwa bwana wa jicho moja aliyeishi karne ya 16 na 17. Umeme unahusu nini? Unahusu baridi. Unahusu upweke wa mtu wa kaskazini. Filimbi ingetuambia tuko Japani, jambo tulilolijua tayari.

Mwaka 2010, katika Ryomaden, Sato Naoki alileta sauti ya Lisa Gerrard wa Australia, anayeimba silabi zisizo za lugha yoyote. Na 2003, katika Musashi, NHK ilimwita Ennio Morricone mwenyewe. Mnaona duara lilivyofungwa? Miaka 31 baada ya tarumbeta la Hissatsu kukopa harufu ya filamu za Kiitaliano, bwana wa muziki wa filamu hizo aliandika wimbo wa samurai. Muziki wa tamthilia ya kale si muziki wa kale, na NHK yenyewe ililitia sahihi.

Je, basi mwanzi utupwe? La hasha. Lakini anayeuleta lazima ajue anachokileta.

Filimbi hiyo ya mwanzi huitwa shakuhachi. Ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5, matundu manne mbele na moja nyuma, na noti yake ya chini ni re. Noti tano tu ndizo zinazotoka kwa kufungua matundu: re, fa, sol, la, do. Zilizobaki mpigaji anazipata kwa kuziba tundu nusu na kuinamisha kidevu, na noti hizo zinatoka na sauti nyembamba, iliyofifia. Ndio uzuri wake. Lakini mtunzi asiyejua humwandikia noti hizo dhaifu mahali pa kilele, shaba kumi zikipiga nyuma, kisha anamlaumu mpigaji. Kosa si la mpigaji. Ama badilisha ufunguo wa wimbo, ama mwambie achukue mwanzi mwingine: wa sentimita 48.5 huanzia mi, wa 60.6 huanzia do. Mpigaji wa studio huja na mfuko mzima.

La pili ni joto. Filimbi ikipata joto la pumzi na la taa, sauti inapanda. Nyuzi za fidla zikipata joto hulegea, zinashuka. Kwa hiyo saa mbili ndani ya studio, mwanzi na fidla vinaachana kila kimoja upande wake, na wote wanaapa wamelinganisha asubuhi. Mpigaji auvuguvugishe mwanzi kabla ya kulinganisha, si baada. Shamisen nayo ina nyuzi tatu za hariri zinazovutika. Wapigaji wake hurekebisha kigingi katikati ya wimbo bila kusimama, na ukiwaandikia dakika mbili bila pumziko hata la pigo mbili, umewanyima nafasi hiyo.

Nimebakiza wimbo mmoja, nao ni wa kufunga kipindi, si wa kufungua.

Onihei Hankacho ya Fuji TV ilianza 1989, Nakamura Kichiemon akiwa Hasegawa Heizo, mkuu wa askari wanaosaka wezi wa usiku mjini Edo. Ufunguzi wake aliandika Tsushima Toshiaki, kazi safi. Lakini kinachokumbukwa ni mwisho. Kipindi kinapokwisha linalia gita la Gipsy Kings, wanamuziki wa Kijipsi kutoka kusini mwa Ufaransa. Kipande chao kinaitwa Inspiration, hakina neno hata moja. Na picha? Hakuna upanga. Hakuna hata Heizo. Ni Edo katika majira manne: maua ya masika, mvua, fataki za kiangazi juu ya mto, majani mekundu, kisha theluji.

Kwa nini gita lile lilikubali? Hadithi za Onihei hazimaliziki kwa namna moja. Wiki hii mwizi mwema amesamehewa, wiki ijayo mwanamke amekufa bure. Wimbo wenye maneno ungelazimika kuchagua: kufurahi au kulia. Gita halichagui. Linakwenda tu, kama maji, na ulichobaki nacho moyoni ndicho linachokipigia. Ukiwa na furaha linacheza nawe, ukiwa na huzuni linakaa nawe.

Zimeni taa kidogo tulisikilize. Mtakapofika kwenye theluji mtaona kibanda cha tambi usiku, mvuke unapanda, watu wameinama juu ya bakuli zao. Wasikilizeni watu wale wakila, huku gita la Ufaransa likiwapigia.